Waraka wa Kwenda Msangeni

Nje ya kituo cha reli cha Lembeni, pale njia ya kupanda milima ya Ugweno inapoachana na reli ya kwenda Same, palikuwa na taruma la reli la chuma lililobaki tangu enzi za Mjerumani, limelazwa juu ya mawe mawili, na hicho ndicho kilichokuwa kijiwe. Asubuhi lilikuwa benchi. Ikikaribia saa sita lilikuwa kikaango, na mwenye hoja ndefu alilazimika kuimalizia kwa kusimama. Ulikuwa mwaka wa sita wa vita vya Hitla. Karatasi ilipatikana kwa kujuana, vijana walikuwa Burma, na wanaume waliobaki walikuwa na kazi moja kubwa: kusema. Mwenye dele la kahawa alikuwa Pangani, mzee wa pwani aliyeshuka kwenye treni zamani sana akasema anapita tu. Ncha ya kulia ilikuwa ya Jaji, jina lake la ubatizo Nathanaeli, aliyewahi kufagia baraza la Same akatoka na sheria zote kichwani. Katikati alikaa Asheri, aliyekwenda kusomea uinjilisti akarudi kabla ya Krismasi ya kwanza, nao wakamwita Nusu Mchungaji. Ncha ya kushoto, karibu na reli, ilikuwa ya Hezroni mshika bendera, aliyeitwa Siginali kwa sababu mkono wake ulipanda kabla ya maneno yake. Na asiyetaka kukaa asubuhi ile, akizunguka mbele yao kama kuku anayetafuta pa kutaga, jembe begani, alikuwa Eliamini.

Shida ya Eliamini haikuwa siri. Mashamba yao yalinyweshwa kwa ndiva, lile bwawa la kijiji lililochimbwa juu ya mteremko. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, kila nyumba na zamu yake mpaka jua lifike utosini, na kwa desturi ya pale mwanamke hakanyagi ukingo wake. Zamu iliyopita Ruthi, mkewe, alikuwa amepanda maharage, amepalilia, ameyanyoosha matuta mpaka ungedhani amepiga rula. Akamwambia mumewe, "Kesho ni sisi." Eliamini akasema sawa. Kesho yake akachukua jembe, akapita kijiweni kunywa kikombe kimoja tu, akakuta kesi inaendelea: treni ikimgonga ng'ombe, mwenye haki ni nani? Mpaka Jaji anatoa hukumu (ng'ombe alishinda), maji yalikuwa yameshaingia shamba la jirani.

Maharage yakafa yamesimama. Mwaka ule nyumba yao ingepika makande ya mahindi matupu. Ruthi hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akapanda Msangeni kwa baba yake, Mzee Sefania, na hapo ndipo Eliamini alipojua kwamba zile kelele za siku zote zilikuwa raha.

Sasa neno lilikuwa limeshuka kutoka mlimani. Siginali alikwenda Msangeni kwenye msiba, akarudi nalo.

JAJI: Hebu lirudie hilo neno. Polepole. Usitie viungo.

SIGINALI: Nimelirudia tangu jana!

JAJI: Jana sikuwa nimekunywa kahawa.

SIGINALI: Mzee kasema hivi: "Mwambie Eliamini asikanyage hapa mpaka waraka wake utangulie."

JAJI: Waraka au barua?

SIGINALI: Waraka.

JAJI: Ulikuwa umekaa wapi?

SIGINALI: Kwenye kigoda.

JAJI: Sikio lipi lilikuwa upande wa mzee?

SIGINALI: Bwana wee, waraka! Kasema waraka, kafunga mdomo, kaingia ndani kula. Mimi nikabaki na kigoda.

Eliamini akavua kofia, akatoa ndani yake karatasi ya mistari iliyokunjwa kwa heshima. Aliishika kwa ncha za vidole, maana mikono ilikuwa na udongo.

ELIAMINI: Karatasi ndiyo hii, moja. Mwenye duka kasema nyingine mpaka Hitla ashindwe. Barua naweza, nimesoma misheni. Huo waraka ndio sijui. Niambieni ni kitu gani, niuandike, niondoke. Leo ni zamu yangu tena.

PANGANI: Basi kunywa kikombe kimoja.

ELIAMINI: Kimoja tu.

PANGANI: Hata ile siku ya ng'ombe ulisema kimoja tu.

Wakacheka wote isipokuwa mwenye shamba. Eliamini akaegemeza jembe kwenye mgunga, akapapasa taruma. Bado lilikuwa baridi. Akakaa.

NUSU MCHUNGAJI: Ndugu yangu Eliamini, umefika penyewe. Waraka ni neno la kanisani. Mitume hawakuandika barua hata siku moja. Barua ni "sisi huku wazima, hofu kwenu, nitumieni shati." Mtume gani aliomba shati? Waraka ni neno zito. Unasomwa kwa sauti, watu wametulia, watoto wamefinywa. Kwanza unajitaja wewe ni nani, halafu unawataja wale unaowaandikia.

ELIAMINI: Namwandikia baba mkwe.

NUSU MCHUNGAJI: Hapana! Waraka hauandikwi kwa mtu, unaandikwa kwa mji. Utaandika: kwa wote walioko Msangeni.

ELIAMINI: Wote? Hata yule mwenye mbuzi tuliyegombana naye?

NUSU MCHUNGAJI: Huyo hasa.

JAJI: Mheshimiwa Nusu kasema nusu. Waraka ni wa serikali. Nimeufagilia mimi, uko mezani kwa Bwana Shauri, una vifungu kama ngazi. Na asili yake naijua. Zamani hapa kwetu watu waliitwa kwa nini?

SIGINALI: Kwa majina yao.

JAJI: Kwa pembe! Ikilia pembe jioni mlimani, kila mtu anajua kesho ni msaragambo, majembe begani, kijiji kizima kazini. Akaja Mjerumani. Akaona kumbe kwa pembe unakusanya watu wote bila bunduki. Akaichukua, akapuliza. Haikulia. Akapuliza tena, akageuka mwekundu, wazee wakamwonea huruma wakampa maji. Ndipo akakaa chini akasema: nitafute kitu kinachoita watu bila pumzi. Huo ndio waraka, mabwana. Ni pembe ya mtu asiyeweza kupuliza.

NUSU MCHUNGAJI: Na mitume je? Waliishi kabla ya Mjerumani.

JAJI: Walikuwa na pumzi.

Mkono wa Siginali ulikuwa juu tangu "Mjerumani".

SIGINALI: Mjerumani umemtaja vizuri, ila umemshusha kituo kisicho chake. Waraka ulizaliwa Tanga, pamoja na reli. Nendeni pale mkaangalie behewa lolote. Kuna karatasi inasema mzigo ni nini, umetoka wapi, unakwenda wapi, uko katika hali gani. Bila hiyo behewa halitoki. Kwa hiyo tofauti ni nyepesi: barua husafiri peke yake, waraka husafiri na mzigo. Mzee Sefania ana mzigo wako huko juu. Anataka karatasi yake ndipo auachie. Hapo kuna ugumu gani?

ELIAMINI: Mzigo gani?

SIGINALI: Shemeji yetu Ruthi.

ELIAMINI: Ruthi si mzigo, bwana.

SIGINALI: Kwa lugha ya reli, kila kisicho dereva ni mzigo.

Pangani alikuwa akipanga vikombe huku akitikisa kichwa kama mtu aliyesikia vya kutosha. Aliwamiminia, akajimiminia na yeye, jambo alilolifanya tu akiwa na hoja.

PANGANI: Mkimaliza, mniambie niwaambie. Waraka ni Kiarabu. Maana yake jani.

JAJI: Jani?

PANGANI: Jani la mti. Na karatasi pia, kwa sababu karatasi nayo ni nyepesi na inapeperuka. Haya niliyapata chuo cha Kurani nikiwa na meno ya utoto.

NUSU MCHUNGAJI: Yaani mitume waliandika majani?

PANGANI: Tulia. Waraka wa kwanza duniani aliupeleka nani? Njiwa! Njiwa wa Nuhu! Gharika imeisha, Nuhu yuko safinani hajui huko nje kukoje, njiwa akarudi na jani mdomoni. Waraka ule!

NUSU MCHUNGAJI: Njiwa hakuandika neno hata moja.

PANGANI: Lakini Nuhu alisoma.

NUSU MCHUNGAJI: Alisoma nini?

PANGANI: Alisoma kwamba maji yamekauka!

Kijiwe kizima kikamgeukia Eliamini, kikakohoa. Eliamini akaangalia pembeni, kule mtaro wa ndiva unakopita, akakumbuka jembe. Akainuka nusu. Jaji akamvuta shati.

JAJI: Unakwenda wapi na karatasi tupu? Maji hayana miguu. Amua kwanza: waraka ni upi katika hii minne?

Eliamini akawatazama. Nusu Mchungaji alikuwa na uhakika, Jaji alikuwa na uhakika, Siginali alikuwa na uhakika na bendera, na Pangani alikuwa na Kiarabu. Yeye alikuwa na karatasi moja na mke mmoja. Angechagua mmoja angewaudhi watatu, nao hawa ndio aliokaa nao kila siku ya Mungu. Basi akafanya kosa ambalo mtu wa kijiweni peke yake huweza kulifanya: akawaridhisha wote.

Akageuza boksi tupu la kashata za Pangani, akaweka karatasi juu yake, akailowesha penseli kwa ulimi.

NUSU MCHUNGAJI: Andika. "Mimi Eliamini, niliyeitwa kuwa mkwe wala sikujipachika, kwa Mzee Sefania na kwa wote walioko Msangeni, wa juu ya njia na wa chini ya njia, salamu ziongezwe kwenu."

ELIAMINI: "...wa chini ya njia." Yule wa mbuzi yuko chini ya njia.

NUSU MCHUNGAJI: Ameshaingia. Endelea. "Nawakumbuka sana nikila, na nikikosa cha kula nawakumbuka zaidi."

JAJI: Inatosha, niachieni nafasi. "Kifungu cha kwanza: ijulikane kwamba maharage ni mmea, na mmea hukauka. Kifungu cha pili: mke aliyeondoka bila kuaga atahesabiwa kuwa ameondoka bila kuaga. Kifungu cha tatu: asiyeridhika na kifungu cha pili arudi kifungu cha kwanza."

ELIAMINI: Jaji, mbona kama namshitaki?

JAJI: Waraka haubembelezi. Andika.

SIGINALI: Zamu yangu. "Mzigo: mke mmoja. Hali: mzima, mkali kidogo. Kutoka Msangeni kwenda Lembeni. Usigeuzwe chini juu. Ukicheleweshwa, kituo hakihusiki."

Hapo penseli ya Eliamini ilisimama. Aliitazama ile "mke mmoja" kama mtu anayetazama nyoka aliyemwita mwenyewe. Lakini Siginali alikuwa amemwinamia, pumzi ya tangawizi shingoni, na mkono umenyooshwa kama njia iko wazi. Penseli ikaendelea.

PANGANI: Mimi sina tamaa. Andika tu: "Na njiwa arudi safinani."

ELIAMINI: Imekwisha? Sasa niweke yangu.

JAJI: Yako ipi?

ELIAMINI: Kwamba kosa ni langu.

Kijiwe kikapiga kelele kwa pamoja, hata Pangani.

JAJI: Kukiri! Ndani ya waraka! Wewe umeona lini serikali imekiri? Ukikiri kwenye maandishi umekufa, wajukuu zako watasomewa!

SIGINALI: Halafu nafasi yenyewe imebaki ya jina tu.

Ilikuwa kweli. Karatasi ilikuwa imejaa mpaka pembeni, na pale chini palibaki upana wa kidole. Eliamini akaandika jina lake humo, herufi zimebanana kama abiria wa daraja la tatu. Taruma lilikuwa limeanza kupata moto. Akasogea kidogo, hakuinuka.

Wakati huo treni ya asubuhi ilikuwa imeshapita, na wanawake waliowauzia abiria ndizi walikuwa wanajitwisha makapu matupu kurudi mlimani. Mmoja wao aliitwa Priska, mama wa makamo, ambaye kwa jina la mwanawe wote walimwita Mama Rogathe. Nyumba yake huko Msangeni ilipakana na ya Mzee Sefania. Hakuwa na desturi ya kusimama kijiweni, lakini Jaji alimwita kwa sauti ya barazani.

MAMA ROGATHE: Hamjambo hapa?

WOTE: Hatujambo, mama.

MAMA ROGATHE: Shemeji Eliamini, umekonda.

ELIAMINI: Nimekonda, shemeji. Ruthi hajambo?

MAMA ROGATHE: Hajambo. Analima shamba la baba yake. Haongei sana.

ELIAMINI: Nina waraka wa kumpelekea mzee. Nitakuomba unifikishie.

MAMA ROGATHE: Mkononi sina kitu. Lete.

NUSU MCHUNGAJI: Ngoja kwanza. Kitu kama hiki mtu hawezi kukibeba bila kukisikia.

Akasimama juu ya jiwe, akasafisha koo, akausoma wote, kuanzia aliyeitwa kuwa mkwe hadi njiwa, akishusha sauti penye mbuzi na kuipandisha penye vifungu. Mama Rogathe alisikiliza akiwa amelishikilia kapu lake kichwani kwa mkono mmoja. Penye "mkali kidogo" jicho lake moja lilifumba na kufumbuka. Usomaji ulipokwisha, wanaume wanne wakangoja sifa.

MAMA ROGATHE: Umeisha?

NUSU MCHUNGAJI: Umeisha.

MAMA ROGATHE: Mrefu. Na huko juu, atakayemsomea mzee ni nani?

Mahali fulani nyuma ya kituo mbuzi alilia.

NUSU MCHUNGAJI: Si atasoma mwenyewe?

MAMA ROGATHE: Mzee Sefania? Kanisani anashika kitabu cha nyimbo chini juu. Tumeshazoea.

JAJI: Mwanawe yule mkubwa.

MAMA ROGATHE: Yuko Burma.

SIGINALI: Yule mdogo wake.

MAMA ROGATHE: Alikwenda kukata mkonge Korogwe. Hajarudi.

PANGANI: Mwinjilisti je?

MAMA ROGATHE: Huyo hupita kwetu mwezi kwa mwezi, na juzi ndiyo kapita. Baba zangu, nyumba ile anayejua kusoma ni mmoja.

Hakumtaja, na hapakuwa na haja. Eliamini alimwona pale pale, kwa macho yake, amesimama mlangoni kwenye mwanga, baba yake kigodani, majirani wa juu ya njia na wa chini ya njia wamejaa uani kwa sababu waraka umewaita. Ruthi anasoma kama alivyofundishwa misheni: sauti kubwa, bila kuruka neno, na penye nukta huinua kidevu. *Mzigo: mke mmoja.* Kidevu. *Hali: mzima, mkali kidogo.* Kidevu. Kisha anakunja karatasi, anamwuliza baba yake kama amesikia vizuri au arudie.

Eliamini akahisi joto, akadhani ni taruma. Hakuwa amekaa; alikuwa ameinuka bila kujua.

ELIAMINI: Mzee alijua.

JAJI: Alijua nini?

ELIAMINI: Mtu hasomi. Kijana wa kumsomea hana. Ana binti amenuna haongei. Halafu anaomba maandishi. Anayaombea nini, Jaji? Anataka nimwambie Ruthi, na Ruthi ayatoe kwa mdomo wake mwenyewe, yeye akiwa amekaa hapo anasikia.

JAJI: Hilo ni... Hilo barazani halijawahi kufika.

SIGINALI: Lakini alisema waraka. Mimi nilikuwepo, kigoda—

MAMA ROGATHE: Waraka ndilo neno analolisikia kanisani kila kinaposomwa kitu cha maandishi. Mlitaka aseme nini?

Nusu Mchungaji akashuka jiweni taratibu.

ELIAMINI: Pangani, nipe karatasi.

PANGANI: Nitoe wapi?

ELIAMINI: Hiyo ya kashata.

Pangani akatazama kashata zake, akazimwagia kwenye sinia, akampa ile karatasi ya kaki yenye mafuta pembeni. Jaji alitaka kuchungulia. Eliamini akampa mgongo. Safari hii hakulowesha penseli, wala hakumwuliza mtu. Aliandika:

*Ruthi. Zamu ilikuwa yetu na mimi nilikaa kijiweni. Maharage hayakuuawa na jua, niliyaua mimi. Nimepanda tena. Mistari yangu imepinda. Leo ni zamu yetu, nakwenda kufungua maji sasa hivi. Eliamini.*

Akaikunja, akampa Mama Rogathe, naye akaifunga kwenye pindo la kanga akakaza fundo.

NUSU MCHUNGAJI: Hakuna salamu!

JAJI: Hakuna kifungu!

SIGINALI: Na mzigo? Hukutaja mzigo!

PANGANI: Mwacheni. Tazameni jua.

Jua lilikuwa karibu na utosi. Eliamini alishika jembe, akakimbia. Mtu mzima, kofia mkononi, akiruka mataruma ya reli mawili mawili, akapotea upande wa mtaro. Aliporuka ukingo wa ndiva, jirani alikuwa ameshavua viatu na ameshika kizibo. Hawakusalimiana. Eliamini akaushika upande wa pili wa kile kizibo, akakivuta kwake, na maji yakashuka kwenye matuta yake yaliyopinda, yakafuata kila kona.

Kijiweni nyuma huko mjadala haukulala. Jaji alisema karatasi ya kaki haiwezi kuwa waraka. Siginali alisema magunia yote ya kahawa husafiri na kaki. Ule waraka mkubwa, wa mitume na vifungu na behewa, Pangani aliukata vipande vinne akafungia kashata.

Jibu la maandishi halikuja. Ijumaa hakuna, Jumamosi hakuna. Jumatatu, wanawake waliposhuka na ndizi, Eliamini alikuwa anawangoja mwanzo wa njia ya mlimani, ana tope mpaka magotini, na alipopita tena mbele ya kijiwe alikuwa nyuma ya mkewe, na furushi la mkewe likiwa kichwani kwake yeye. Ruthi alikuwa na jembe mkononi. Hakuwa ameambiwa kuna maharage mangapi yaliyoota. Alitaka kuona mwenyewe.

Eliamini aliomba moyoni wapite tu. Ruthi akasimama.

RUTHI: Hamjambo, shemeji zangu?

WOTE: Hatujambo! Karibu! Karibu sana, shemeji!

RUTHI: Nimesimama kidogo tu. Mama Rogathe kanisimulia ule waraka wenu mwingine, tumecheka mpaka baba kaomba maji. Nina swali moja.

JAJI: Uliza, shemeji. Hapa ndipo penyewe.

RUTHI: "Mzigo, mke mmoja, mkali kidogo." Hayo maneno ni ya nani?

Jaji alimwangalia Nusu Mchungaji. Nusu Mchungaji aliangalia mbinguni. Siginali alishtuka, akakamata bendera yake, akasema treni hiyo inaingia, akaondoka mbio kuelekea relini, na siku ile saa ile hapakuwa na treni kutoka Tanga wala kutoka Moshi. Eliamini chini ya furushi alitazama vidole vya miguu yake. Ruthi alikuwa hana haraka. Aliegemea mpini wa jembe, akainua kidevu, akangoja.

Pangani akaliinamisha dele juu ya kikombe, ili angalau mtu mmoja aonekane ana kazi. Akalitikisa. Kahawa ilikuwa imeisha.